Akiba ya Juu na Akiba ya Chini

Benchi lenyewe lilikuwa na miguu mitatu na matofali mawili, limeegemea ukuta wa chumba cha fundi cherehani, pale lami inapoishia na vumbi kuanza. Kila asubuhi wenyewe walilikalia kwa mpangilio usioandikwa popote. Upande wa matofali alikaa Mzee Karani, aliyestaafu kazi ya kuandika barua ofisini, na ambaye mpaka leo hawezi kuona karatasi yenye maandishi akaipita bila kuisoma. Katikati alikaa msukuma mkokoteni waliyemwita Bila Breki, kwa sababu ya mkokoteni wake na kwa sababu ya mdomo wake. Fundi mwenyewe hakukaa. Alisimama mlangoni na tepu shingoni, na jina lake lilikuwa Sentimita, maana alipima kila kitu, hata samaki kabla ya kumnunua. Mbele yao, kwenye kigoda nyuma ya jiko la mkaa na birika la kahawa, alikaa Mama Kadogo. Mwanawe wa mwaka mmoja alikuwa amelala juu ya shuka, kwenye kivuli cha mkokoteni.

Kivuli kile hakikuja chenyewe. Jua lilivyopanda, Bila Breki aliinuka, akausogeza mkokoteni hatua moja, akarudi kukaa kana kwamba alikwenda kutema mate tu. Mama Kadogo alikuwa ameliona jambo hilo tangu mwezi wa kwanza alipoanza kuuza kahawa pale. Hakuwahi kulitaja. Aliogopa kwamba likitajwa litakoma.

Asubuhi hiyo alikuwa na simu mapajani. Saa nne kamili mumewe angepiga kutoka nchi jirani, alikokwenda miezi kumi iliyopita kuchomelea madirisha ya chuma. Amepata chumba kinachotosha watu watatu, lakini mwenye chumba anataka jibu leo hii, na ikifika adhuhuri anampa mwingine. Jana mume alikuwa amesema hivi: utaniambia saa nne, ndiyo au hapana. Ukisema ndiyo, uza jiko, uza birika, mbebe mtoto mpande basi Jumamosi.

Sasa ilikuwa saa tatu na robo. Ndiyo alikuwa nayo tangu alfajiri, na hapana alikuwa nayo vilevile, na hakujua atatoa ipi.

— Haya, njooni muone aibu yenu, alisema Mzee Karani.

Alikuwa ameingiza mkono kwenye kapu la fundi, lile la karatasi na vipande vya vitambaa, akatoka na ukurasa wa gazeti la zamani. Aliutandaza juu ya gazeti jingine lililofunika benchi ili kahawa isiloweshe mbao, akaulainisha kwa kiganja.

— Michoro miwili. Huu wa juu ni wa majirani zetu. Huu wa chini ni wetu. Miaka ishirini, wao na sisi.

— Miaka ishirini ya nini? aliuliza Bila Breki.

— Jumla ya akiba ya taifa.

— Ya taifa sijui. Yangu ilikwisha jana jioni, na mchuzi nikaulamba.

— Tulia, wewe. Wanachukua yote ambayo nchi imepata kwa mwaka. Watu wake, kampuni zake, serikali yake. Halafu wanauliza: katika kila mia, ngapi zimebaki bila kuliwa? Hizo zilizobaki ndizo hizi nguzo zilizosimama hapa, kila mwaka na nguzo yake. Nguzo ndefu, mmebakiza. Nguzo fupi, mmetafuna.

Sentimita alisogea. Yeye gazeti hakulisoma kamwe. Magazeti aliyanunua kwa kilo, akayakatia ramani za nguo, na maandishi kwake yalikuwa rangi ya karatasi tu. Lakini aliposikia ndefu na fupi, mkono ulikwisha kwenda shingoni.

— Nipisheni, alisema. Urefu haukadiriwi kwa jicho.

Akainama juu ya benchi na tepu yake. Alianza na majirani, nguzo moja baada ya nyingine, midomo ikicheza.

— Hawa wa juu, nne. Nne na kidogo. Nne. Tano. Wamesimama vizuri. Sasa sisi. Mwaka wa kwanza, nne kasoro. Wa pili, vilevile. Mwaka wa kumi, tatu. Wa kumi na tano, mbili. Huu wa mwisho… moja. Moja haifiki.

Hata Bila Breki alikuna kidevu.

— Kwa hiyo tulianza nao pamoja, alisema Mzee Karani taratibu. Tulikuwa bega kwa bega. Halafu wao wakabaki juu, sisi tukateremka kama tumewekewa mtelezo.

Mama Kadogo alikuwa akijaza vikombe bila kutazama anachomimina. Nchi aliko mume wake juu, nchi yake chini. Hakuna aliyemwuliza chochote, lakini aliona kama watatu wale walikuwa wamekaa kumjadili yeye.

— Mzee wangu, kikombe chako, alisema, akampa.

Mzee Karani alikipokea kile chenye pengo mdomoni. Siku zote alikichukua hicho, ili kisimfikie mteja mgeni. Alikunywa funda moja, akasita, akamtazama yule mama kijana juu ya miwani. Kikombeni mlikuwa na maji ya moto matupu. Mama Kadogo alikuwa amemmiminia kutoka sufuria ya kusuuzia vikombe.

— Leo imekolea, alisema Mzee Karani, akanywa tena.

— Lakini kwa nini? alisema Bila Breki. Kwa nini wao wabakize sisi tusibakize? Mimi najua. Milima.

— Milima imefanya nini?

— Nchi yao ni tambarare. Niliambiwa na dereva wa lori. Mimi nikisukuma mzigo tambarare, nakula sahani moja. Nikiupandisha ule mlima wa sokoni, nakula mbili, na ya pili nakopa. Sasa chukua nchi nzima inayopanda milima kila siku. Akiba yetu imeliwa mlimani, Mzee.

— Milima ilikuwapo hata mwaka wa kwanza, tulipokuwa nne kasoro.

— Imeongezeka!

— Milima imeongezeka?

— Mizigo, basi! Mizigo imeongezeka. Unanikaba kwenye neno moja.

Sentimita alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesikiliza watoto.

— Tatizo ni mifuko, alisema.

— Mifuko gani?

— Ya suruali. Tazama huu mwaka nguzo zilipoanza kushuka. Unajua kilichotokea? Ndio mwaka zilipoingia suruali za kubana. Kabla ya hapo nilikuwa nashona mfuko wa sentimita thelathini, mkono unazama mpaka kiwiko. Noti ikiingia humo, kuitoa ni safari, unaghairi njiani. Siku hizi vijana wanataka mfuko wa sentimita kumi na mbili. Hela inachungulia nje. Kitu kinachokuchungulia utakiacha vipi?

— Na majirani?

— Wale bado wanavaa suruali pana. Nenda kawaulize.

— Na wanawake? aliuliza Bila Breki. Gauni halina mfuko.

— Ndiyo maana ni wanawake wanaoweka kwenye makopo. Nchi hii ingekuwa ya makopo peke yake, tungefika sita.

Walicheka. Mama Kadogo alicheka nao kwa mdomo. Kopo alikuwa nalo, la maziwa ya unga, nyuma ya sufuria chumbani kwake, na habari zake hakuna aliyezijua, hata mumewe. Saa tatu na dakika thelathini na tano.

Bila Breki aliinuka, akausogeza mkokoteni. Kivuli kikamrudia mtoto usoni.

— Ngojeni, alisema Mzee Karani, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Alikuwa ametoa kalamu mfukoni. Aliuweka ubao wa kukatia wa fundi kama rula juu ya mchoro wa chini, akaendeleza kufupika kwa nguzo kwenye ukingo wa gazeti lililotandikwa chini yake.

— Kama tunashuka hivi hivi, mwakani ni nusu. Mwaka unaofuata ni robo. Mwaka wa nne hakuna nguzo. Ni sifuri. Kila mia tutakayopata tutaila yote, na sahani tutailamba.

— Na mwaka wa tano? aliuliza Sentimita.

— Mwaka wa tano nguzo inaingia chini ya ardhi.

— Chini ya ardhi inafanyaje?

— Tunakula ya kesho leo. Shule, barabara, hospitali, vyote vinajengwa kwa kilichobaki. Kisipobaki, havijengwi. Basi watu watahama. Wote. Watabeba magodoro wavuke mpaka, na huko vyumba vitakuwa vimekwisha, maana wenye akili watakuwa wametangulia.

— Mimi nitawavusha kwa mkokoteni, alisema Bila Breki. Godoro moja bei moja, mama mzazi bure.

— Vyumba vitakwisha, Bila Breki! Hata vya kupanga watu wanne wanne!

Hapo kikombe kilimtoka Mama Kadogo. Hakikuvunjika, kiliviringika tu mpaka kwenye kiatu cha Sentimita, kahawa ikichora mstari kwenye vumbi. Wote watatu walimtazama. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

— Mzee Karani, alisema. Kweli vyumba vitakwisha?

— Mwanangu, tunaongea tu…

— Mtu akisubiri mwaka mmoja, atakuta vimekwisha?

Mzee Karani alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati ingawa haikuwa na kitu. Bila Breki alitazama magurudumu yake. Kwa Mama Kadogo hilo lilikuwa jibu. Basi ni ndiyo, alijiambia. Akianza tu kusema haloo, mimi naanza kusema ndiyo. Jiko nitamwuzia mama muuza ndizi. Birika nitabeba.

— Hamjambo hapa? Nimeleta zipu.

Alikuwa mwanamke mnene mwenye begi kubwa begani, jasho likimtiririka. Kila baada ya miezi miwili alivuka mpaka kuja kuwauzia mafundi zipu, vifungo na nyuzi, maana kwao vilipatikana kwa bei rahisi. Sentimita alikuwa akimwita Mama Zipu. Wengine walimjua kwa sura tu, kwamba anatoka ng'ambo ya mpaka.

— Huyu hapa! alipiga kelele Bila Breki. Mtu wa mchoro wa juu! Karibu, dada, kaa, wewe mwenye tano zako!

— Tano za nini?

— Akiba! Ninyi mnabakiza tano, sisi moja haifiki.

— Mimi? Mimi nimebaki na nauli ya kurudi, na hiyo inategemea fundi akinilipa.

Alitaka mahali pa kuweka begi lake. Akauinua ukurasa ule kutoka benchini ili usikunjike, akaushika juu, mwangani, mbali na lile gazeti lililokuwa chini yake. Akautazama. Akaugeuza kidogo.

— Hizi nguzo za chini, alisema, miguu yake iko wapi?

— Miguu gani?

— Vichwa viko sawa vyote. Tazama, huku juu zimelingana. Lakini huku chini zimekatwa. Karatasi imekatwa.

Wakainua macho. Na kweli. Ukurasa uliposhikwa hewani, upande wa chini haukuwa umenyooka. Ulianza vizuri kushoto, halafu ukapanda kwa pinda moja laini, mviringo safi wa mkasi, mpaka karibu na vichwa vya nguzo za miaka ya mwisho. Juu ya benchi hawakuuona, kwa sababu maandishi ya gazeti la chini yalikuwa yamejaza pengo lile.

— Ni nani aliyekata? aliuliza Mama Zipu.

Mzee Karani alimtazama Sentimita. Bila Breki alimtazama Sentimita. Sentimita aliitazama ile pinda, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekutana na ndugu yake mahali asipotaka waonekane pamoja.

— Fundi, alisema Mzee Karani. Hiyo ni kazi ya mkasi wako.

— Inafanana.

— Inafanana! Umeipima nusu saa nzima, ukatutangazia nchi imeanguka, na ni mkato wako mwenyewe?

— Mimi nilikuwa naangalia nguzo!

— Hicho ni nini hasa? Kola?

— Kwapa, alisema Sentimita kwa sauti ndogo. Kwapa la gauni.

— Taifa zima, alisema Bila Breki akishika kiuno, taifa zima limefilisika ndani ya kwapa!

Alicheka mpaka akakohoa. Mama Zipu alicheka bila kujua kwa nini. Lakini Mama Kadogo hakucheka. Alikuwa bado ameishika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyesimamishwa ukingoni.

— Kwapa gani dogo hivyo? alisema Mzee Karani. Hilo si la mtu mzima. Na kipande chenyewe kiko wapi, tukirudishe tuone ukweli?

Sentimita alisitasita. Alikuna shingo chini ya tepu. Kisha akaingia ndani, wakasikia droo ya cherehani ikifunguliwa. Akatoka na gauni dogo la rangi ya machungwa, bado limeshikwa na pini, ramani ya karatasi imening'inia ubavuni. Upande mmoja ulikuwa umeshonwa. Mwingine ulikuwa wazi.

— Nilitaka liishe kwanza, alisema, akimtazama Mama Kadogo. Shemeji, wiki iliyopita ulimwuliza Mzee nauli ya basi la mpakani ni kiasi gani. Basi nikafikiri labda mnaondoka. Nikasema mtoto asivuke mpaka na lile la kijani lililotoboka. Baba yake angesema huku hatuna fundi.

Mama Kadogo alinyoosha mkono, akaligusa lile gauni.

— Kitambaa ni cha Mzee Karani, aliongeza Sentimita haraka. Mimi nimetoa mkono tu. Na vifungo amenunua huyu hapa asiye na breki.

— Nilivikuta tu, alisema Bila Breki, akageuka kwenda kusogeza mkokoteni ambao haukuhitaji kusogezwa.

Mzee Karani alichomoa pini tatu kwa uangalifu, akakitoa kile kipande cha karatasi, akakiegemeza kwenye pinda ya ukurasa. Vilikutana bila kuacha hata uwazi wa uzi. Na hapo zilikuwapo, zile nguzo zote, zimesimama kwa miguu yao.

— Pima sasa, alisema.

— Nne kasoro, alisema Sentimita. Nne kasoro. Tatu na nusu hapa. Nne kasoro tena. Ya mwisho, nne kasoro.

— Hatukushuka.

— Hatukushuka. Tuko chini yao kidogo, kama tulivyokuwa.

— Hata kwetu kijiweni wanagombana hivi hivi, alisema Mama Zipu, akijipepea kwa bahasha ya zipu. Ila kwetu wanasema ninyi ndio mnaobakiza. Wanaume wa kwenu wakija kufanya kazi, hata soda hawanunui. Kila hela inarudi huku. Sasa niambieni ninyi mliosoma. Hela ya mtu anayefanya kazi kule, ikawekwa huku, imo kwenye nguzo za juu au za chini?

Mzee Karani alinyanyua kidole kama mtu mwenye jibu. Kidole kikakaa hewani. Akatazama mchoro wa juu, akatazama wa chini, akakishusha.

— Fundi, alisema, hebu pima.

— Nipime nini? alisema Sentimita.

Simu ikalia.

Mama Kadogo aliitazama ikitetemeka mapajani, mara moja, mara mbili. Akaipokea. Nyuma ya sauti ya mumewe chuma kilikuwa kikisagwa.

— Umeamua? aliuliza mumewe.

— Nikuulize kwanza. Katika kila mia unayopata huko, ngapi zinabaki?

— Mama Kadogo, nina dakika tano, msimamizi ananitazama.

— Ngapi?

Chuma kikasagwa, kikanyamaza.

— Zinabaki wapi? alisema. Nalala na wenzangu saba, nalipa. Nakula, nalipa. Inayobaki nakutumia wewe. Hapa sina hata ya soda.

Mama Kadogo alisogea pembeni ya jiko, mgongo kwa benchi, ingawa alijua masikio yote yako kwake.

— Sijazila, alisema.

— Nini?

— Hela zako. Tangu mwezi wa tatu wa safari yako tunakula hela ya kahawa, mimi na mtoto. Zako ziko kwenye kopo la maziwa. Nilitaka ukirudi nikuoneshe. Halafu ukaacha kusema utarudi, ukaanza kusema njooni.

Upande wa pili kitu cha chuma kiliwekwa chini sakafuni.

— Kumbe mimi nina akiba, alisema mumewe.

— Unayo. Iko huku.

— Na chumba? Mwenyewe anasubiri jibu.

— Mwachie mwenye haraka. Njoo wewe. Njoo uone mtoto anavyosimama. Anashika ukingo wa benchi, anasimama.

— Anasimama?

— Tangu juzi.

— Nije, alisema mumewe polepole, kama analipima neno. Niache kazi, nije. Halafu?

Mama Kadogo aligeuka. Mzee Karani ndiye ajuaye mambo ya nchi, naye alikuwa akikitazama kikombe chake cha maji ya moto. Bila Breki, ambaye hajawahi kukosa neno, alikuwa ameketi karibu na mtoto, akimfukuza nzi kwa kofia. Mama Zipu alikuwa akihesabu zipu zake. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuna aliyekuwa na nadharia.

— Mama Kadogo? Halafu?

Birika lilikuwa jepesi alipoligusa, limekwisha. Ndani, Sentimita alikuwa amerudi kwenye cherehani. Gurudumu lilianza kuzunguka. Lilibaki kwapa moja la kushonwa.